Krimu ya Ua la Kalendula: Inavyoundwa na Inavyopimwa

Krimu ya ngozi ni maji na mafuta yaliyofanywa yakae pamoja bila kutengana. Kwa asili yake maji na mafuta hayapatani. Mafuta huelea, maji hutuama chini, na hata yakitikiswa kwa nguvu hurudi kila moja mahali pake baada ya dakika chache. Mpishi wa tui la nazi anaujua vizuri ugomvi huo. Tui ni matone madogo ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji na kushikiliwa na protini za nazi. Likichemka kwa nguvu bila kukorogwa hukatika, mafuta yakaelea juu na chini yakabaki maji yenye mabonge. Krimu ni jamaa ya tui, ila imeundwa isikatike kwa mwaka mzima au zaidi, iwe imepangwa dukani, imewekwa kwenye chumba chenye joto au inazunguka ndani ya mkoba.

Krimu ya mitishamba huongezewa kiini cha mmea, na mara nyingi mmea huo huchaguliwa kwa ajili ya ua lake. Desturi hii ni kongwe. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2 aliyefanya kazi Roma, anatajwa kuwa mwanzilishi wa krimu ya nta ya nyuki, mafuta ya zeituni na maji ya waridi. Katika pwani ya Afrika Mashariki, bibi harusi husuguliwa singo yenye maua na viungo, na mafuta ya nazi hutiwa asumini na langilangi yakachukua harufu yake. Mafuta ya namna hiyo hutengenezwa nyumbani na kutumiwa na watu wanaojuana. Krimu inayouzwa humfikia mtu asiyemjua mtengenezaji wala hajui kilichomo, kwa hiyo kila kinachodaiwa juu yake sharti kipimwe. Kalendula ni mfano mzuri wa kazi hiyo yote, kwa kuwa ni miongoni mwa maua yaliyochunguzwa sana kwa ajili ya ngozi, na matokeo ya uchunguzi huo yana funzo kwa kila anayetengeneza au kununua krimu ya maua.

Ua na viini vyake

Kalendula, ambayo wanasayansi huiita Calendula officinalis, ni mmea mfupi wa jamii moja na alizeti. Asili yake ni nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania. Maua yake ni ya njano au ya rangi ya chungwa, na anayeyachuma hurudi na vidole vinavyonata, kwa kuwa kikonyo cha kijani kinachoshika petali kina utomvu.

Ndani ya ua mna makundi matatu ya viini vinavyowavutia watengenezaji wa krimu. La kwanza ni triterpeni, hasa zile zinazotokana na faradioli, ambazo katika majaribio ya wanyama zimepunguza uvimbe wa ngozi iliyochokozwa kwa makusudi. La pili ni flavonoidi, kemikali zinazopatikana pia katika matunda na majani mengi. La tatu ni karotenoidi, zinazolipa ua rangi yake na kuifanya krimu iwe na unjano wa siagi. Kitabu rasmi cha viwango vya dawa barani Ulaya kinataka ua lililokauka liwe na flavonoidi zisizopungua asilimia 0.4. Ua zuri kwa macho, likipungukiwa na kiwango hicho, halikubaliwi kuwa malighafi ya dawa.

Kazi ya kwanza ya maabara, kabla ya mizani kuguswa, ni kuhakikisha kwamba ua ni lenyewe. Kalendula huchanganywa na maua ya jenasi nyingine iitwayo Tagetes, ambayo hupandwa sana bustanini, yana rangi zilezile, na katika lugha kadhaa za Ulaya huitwa kwa jina moja na kalendula. Kosa hilo si dogo. Tagetes ina kemikali ambazo zikiwa juu ya ngozi na kupigwa na jua huweza kuiunguza, na ndiyo sababu sheria za vipodozi za Ulaya zimeibana mno. Mtu anayeishi karibu na Ikweta akipakwa krimu yenye ua lisilo sahihi huenda akaponzwa na jua la saa sita mchana.

Utambuzi huanza kwa jicho na kioo cha kukuzia, kisha huthibitishwa kwa kromatografia ya tabaka jembamba. Tone la kiini cha ua huwekwa karibu na ukingo wa kibamba kilichopakwa silika, pembeni yake matone ya kemikali zinazojulikana, kama rutini na asidi ya klorojeniki. Kibamba husimamishwa ndani ya kiyeyushi kidogo, nacho hupanda polepole kama mafuta yanavyopanda utambi wa taa, kikizibeba kemikali kwa kasi tofauti. Kibamba kikikauka na kunyunyiziwa dawa maalumu, kisha kikamulikwa kwa taa ya urujuanimno, huonekana madoa ya rangi ya chungwa na ya buluu katika ngazi zake. Mpangilio wa madoa hayo ndio alama ya kidole ya ua. Ukitofautiana na wa kalendula halisi, mzigo hurudishwa.

Kuchuma, kukausha na kuvuta kiini

Maua huchumwa asubuhi baada ya umande kukauka, yakiwa yamechanua. Hukaushwa kivulini penye hewa, katika joto lisilozidi sana nyuzi 40, kwa kuwa jua kali hufifisha rangi na kuharibu sehemu ya viini. Mkaushaji mwenye uzoefu hadanganywi na petali, ambazo hukauka mapema na kukwaruza mkononi kama karatasi huku kikonyo kingali na unyevu. Yeye huvunja kikonyo. Kikikatika kwa mlio, ua limekauka, kikipinda, bado. Unyevu uliobaki humo ndio unaoleta ukungu ndani ya gunia au ndani ya chupa ya mafuta.

Kiini huvutwa kwa kiyeyushi, na kiyeyushi kinachochaguliwa ndicho kinachoamua nini kitoke uani. Maji na gliserini huchukua zaidi flavonoidi. Mafuta ya alizeti au ya zeituni huchukua triterpeni na karotenoidi. Pombe ya ethanoli, ikitegemea imechanganywa na maji kiasi gani, huchukua sehemu ya pande zote mbili. Viwanda vikubwa hutumia pia kaboni dayoksaidi iliyoshindiliwa kwa mgandamizo mkubwa katika joto la zaidi ya nyuzi 31. Hapo gesi hiyo hupenya kama hewa na kuyeyusha kama kimiminika, na mgandamizo ukiondolewa huyeyuka yote hewani na kuacha kiini kizito chenye triterpeni nyingi.

Kwa hiyo maneno "ina kalendula" yaliyoandikwa kwenye kikopo hayatoshi. Krimu mbili zenye ua lilelile, moja ikitumia kiini cha maji na nyingine kiini cha mafuta, ni krimu mbili tofauti mbele ya ngozi. Mtengenezaji makini huandika katika daftari lake kiasi cha ua, aina ya kiyeyushi, uwiano wa ua na kiyeyushi, joto na muda. Njia rahisi ya karakana ndogo ni kuloweka sehemu 1 ya ua kavu katika sehemu 10 za mafuta, kuyaweka katika joto la wastani kwa saa kadhaa au kuyaacha wiki kadhaa mahali penye giza, kisha kuchuja kwa kitambaa safi.

Fomula

Fomula ya krimu huandikwa kwa uzito na hujumlishwa hadi 100, ili kila kiasi kisomeke kama asilimia. Fomula ya mfano ya krimu nyepesi ya mikono inaweza kuwa hivi: maji yaliyokenekwa gramu 70.6, mafuta yaliyolowekwa kalendula gramu 15, nta ya kuunganishia gramu 6, gliserini gramu 4, asidi ya steariki gramu 2, nta ya nyuki gramu 1, kihifadhi gramu 0.9 na vitamini E gramu 0.5. Mwishoni huongezwa asidi ya sitriki kidogo ya kurekebisha uchachu.

Kila kimoja kina kazi yake. Nta ya kuunganishia ndiyo mpatanishi. Molekuli zake zina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, na hujipanga kulizunguka kila tone la mafuta mithili ya ngozi nyembamba, matone yasiweze kuungana. Nta ya nyuki haiwezi kufanya kazi hiyo peke yake, ingawa wengi hudhani hivyo; humu huongeza uzito tu na kuacha utando unaozuia ngozi kukauka. Asidi ya steariki huipa krimu umbo, na gliserini huvuta na kushika maji.

Kiunganishi kinachoyeyuka zaidi katika maji huleta krimu ya matone ya mafuta ndani ya maji, ambayo hupakika kwa wepesi na kuoshwa kirahisi. Kinachoyeyuka zaidi katika mafuta huleta kinyume chake, yaani matone ya maji ndani ya mafuta, krimu nzito inayofaa ngozi iliyopasuka. Mwaka 1949 mkemia William Griffin aliweka kipimo cha namba cha tabia hiyo: viunganishi vya kati ya 3 na 6 hufaa krimu nzito, na vya kati ya 8 na 18 hufaa krimu nyepesi. Hadi leo waundaji huchagua viunganishi kwa kuanzia na namba hizo.

Kihifadhi na vitamini E huchanganywa sana na wanaoanza kazi hii. Vitamini E huchelewesha mafuta kuchacha kwa hewa. Haiui bakteria wala kuvu. Palipo na maji, vijidudu vitaota, na kiini cha mmea huviongezea chakula. Mafuta matupu au marhamu isiyo na maji hudumu bila kihifadhi kikali kwa sababu vijidudu haviwezi kuzaana humo. Krimu kama hii ni zaidi ya nusu maji, hivyo kuitengeneza bila kihifadhi kwa jina la uasilia ni kumpelekea mteja kikopo cha vijidudu. Fenoksiethanoli, mojawapo ya vihifadhi vinavyotumika sana, Ulaya hairuhusiwi kuzidi asilimia 1. Vilevile kwa kila kihifadhi: kikipungua hakilindi, kikizidi huwasha.

Kuchanganya

Viungo vya mafuta huwekwa chombo kimoja, maji na gliserini chombo kingine, na vyote viwili hupashwa ndani ya maji ya moto hadi karibu nyuzi 75. Joto hilo lina sababu. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na asidi ya steariki karibu nyuzi 69. Mafuta ya nyuzi 75 yakimiminwa kwenye maji ya nyuzi 50, nta huganda papo hapo ikawa chembe, na krimu hutoka na mchanga ambao hakuna kukoroga kutakakouondoa.

Mafuta humiminwa polepole ndani ya maji huku mashine ikikoroga kwa kasi. Kwa sekunde chache huonekana michirizi ya njano, kisha ghafla chombo kizima hugeuka cheupe kama maziwa. Weupe huo unatokana na matone madogo yasiyohesabika yanayotawanya mwanga. Udogo wa matone ndio uhai wa krimu, kwani tone lenye kipenyo mara mbili hupanda juu kwa kasi mara nne. Ndiyo sababu tui lililoachwa usiku kucha huamkia na tabaka zito juu, ilhali krimu iliyokorogwa vizuri na yenye mnato wa kutosha hukaa ilivyo.

Krimu inapoanza kupoa, kasi hupunguzwa ili hewa isiingie. Ikifika chini ya nyuzi 50 huanza kushika kijiko. Ikishuka chini ya nyuzi 40 hutiwa vitamini E na kihifadhi, kwa kuwa baadhi ya viungo hivi huharibiwa na joto. Hatimaye hupimwa uchachu, hurekebishwa, na kujazwa katika vikopo vilivyosafishwa. Mtengenezaji hutoa namba ya toleo na kuweka kando vikopo vichache vya akiba, ili lalamiko likija baada ya miezi sita kuwe na kitu cha kurudia kupima.

Vipimo vya krimu yenyewe

Swali la kwanza ni kama mchanganyiko umekuwa wa aina iliyokusudiwa. Tone la rangi inayoyeyuka katika maji huwekwa juu ya krimu. Likisambaa lote, maji ndiyo yaliyozunguka mafuta. Likibaki vidoadoa, mafuta ndiyo yaliyozunguka maji. Jibu hilo huthibitishwa kwa umeme, kwani krimu ambayo maji yamezunguka mafuta hupitisha umeme kwa urahisi zaidi.

Pili ni pH. Gramu 1 ya krimu hukorogwa katika gramu 9 za maji na kupimwa kwa kifaa. Uso wa ngozi yenye afya una uchachu kidogo, karibu pH 5, na uchachu huo ni sehemu ya kinga yake. Krimu ya pH 5 hadi 6 huishi nao vizuri. Sabuni ya kawaida hufika pH 9 au 10, na ndiyo maana ngozi huhisi kukaza baada ya kuoga.

Tatu ni mnato na upakikaji. Mnato hupimwa kwa mashine yenye mhimili unaozunguka ndani ya krimu na kuonyesha nguvu inayouzuia. Kwa upakikaji, kiasi maalumu cha krimu huwekwa kati ya vioo viwili, uzito huwekwa juu, na kipenyo kilichotapakaa hupimwa kwa rula. Kipimo hiki ni cha bei nafuu na kinaeleza jambo ambalo mteja atalihisi mara ya kwanza: krimu inateleza au inakwaruza?

Nne, nalo ndilo refu, ni uthabiti. Krimu huzungushwa katika mashine kwa mizunguko 3,000 kwa dakika kwa nusu saa. Kama itakatika siku moja, dalili zitaanza kuonekana hapo. Huwekwa kwenye friza kisha kwenye joto, mara kadhaa mfululizo. Halafu vikopo hugawanywa, baadhi katika joto la kawaida la chumba na baadhi katika kabati la nyuzi 40, na hufunguliwa kwa ratiba kwa miezi mitatu au zaidi. Kila mara hutazamwa rangi, harufu, pH, mnato na kama kuna maji yaliyochuruzika pembeni. Katika krimu ya kalendula rangi ya karotenoidi hutangulia kufifia, hasa katika kikopo kinachopitisha mwanga. Lakini rangi si kipimo cha kutosha. Maabara kamili hupima kiasi cha triterpeni au flavonoidi zilizobaki, na tarehe ya mwisho wa matumizi hupangwa kwa matokeo hayo.

Vijidudu

Kiwango cha kimataifa cha vipodozi, ISO 17516, kinataka krimu isiwe na zaidi ya vijidudu hai 1,000 katika gramu 1. Kwa bidhaa za watoto wa chini ya miaka 3 na zinazopakwa karibu na macho, kikomo ni 100. Vijidudu vinne havitakiwi kuonekana kabisa: Escherichia coli, inayoashiria uchafu wa kinyesi, Staphylococcus aureus, inayosababisha majipu, Pseudomonas aeruginosa, hatari kwa macho na vidonda, na Candida albicans, fangasi wa utando mweupe.

Krimu safi siku ya kutengenezwa haimaanishi krimu salama mwezi wa pili, baada ya vidole kuingia mara mia. Kwa hiyo kipo kipimo kingine ambacho krimu huchafuliwa kwa makusudi. Bakteria na kuvu kwa maelfu mengi huingizwa katika kila gramu, kisha huhesabiwa siku ya 7, ya 14 na ya 28. Kwa sharti kali zaidi, bakteria wawe wamepungua hadi sehemu moja ya elfu kufikia siku ya 7 na wasiongezeke tena. Krimu nyingi za mitishamba huanguka hapa, kwa sababu kiini cha mmea hufika tayari na mzigo wa vijidudu vya shambani na wakati mwingine hudhoofisha kihifadhi.

Usalama kwa ngozi

Kwa miongo mingi ukali wa vipodozi ulipimwa kwa ngozi na macho ya sungura, kwa njia iliyochapishwa mwaka 1944 na John Draize na wenzake nchini Marekani. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku ya kuuza vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama. Sasa kipo kipimo kinachotumia ngozi ya binadamu iliyokuzwa maabara: krimu hupakwa juu ya tabaka hilo, kisha huhesabiwa ni seli ngapi zimebaki hai.

Baada ya hapo ndipo wanaojitolea huingia, kwa ridhaa yao na kwa kibali cha kamati ya maadili. Krimu huwekwa chini ya plasta ndogo mgongoni. Baada ya saa 48 plasta huondolewa na ngozi kutazamwa, kisha hutazamwa tena siku moja au mbili baadaye, kwa sababu mzio huchelewa kujitokeza, tofauti na muwasho wa kawaida unaokuja mapema na kupoa. Vitabu vingi humfundisha mtazamaji atafute wekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu haujionyeshi hivyo. Mahali penye athari huwa peusi zaidi au pa zambarau, pakawa na joto na vipele vinavyohisiwa kwa kidole, na huenda pakaacha doa kwa miezi. Mtazamaji asiyejua hayo ataandika "hakuna athari" mahali ambapo athari ipo.

Kalendula kwa jumla huvumiliwa vizuri, ila ina onyo moja la msingi. Mtu mwenye mzio wa mimea ya jamii yake, kama kamomili, anaweza kupata mzio wa kalendula pia. Neno "asili" halimlindi mtu huyo.

Je, ua linasaidia?

Mtu mwenye ngozi kavu akipaka krimu yoyote nzuri, kesho yake ngozi itakuwa laini. Maji, mafuta na gliserini vimefanya kazi hiyo, ua liwemo lisiwemo. Ili kujua ua limeongeza nini, lazima krimu yenye ua ilinganishwe na krimu ileile isiyo na ua, bila mtumiaji wala mpimaji kujua ipi ni ipi. Vifaa husaidia: kimoja hupima unyevu wa ngozi kwa umeme, kingine hupima maji yanayopotea hewani kupitia ngozi. Lakini hakuna kifaa kinachoziba pengo la kilinganishi kilichokosekana.

Habari za kalendula zinalionyesha jambo hilo waziwazi. Mwaka 2004 watafiti wa Lyon, Ufaransa, walichapisha jaribio la wanawake 254 wenye saratani ya matiti waliokuwa wakipata tiba ya mionzi, ambayo huunguza ngozi. Nusu walipaka marhamu ya kalendula na nusu walipaka dawa nyingine ya ngozi, trolamini. Walioungua kwa kiwango cha wastani au zaidi walikuwa asilimia 41 kwa kalendula na asilimia 63 kwa trolamini. Matokeo hayo yaliipa kalendula heshima kubwa hospitalini na sokoni.

Mwaka 2013 watafiti wa Sweden wakachapisha jaribio kubwa zaidi, la wagonjwa wapatao 420 wa tiba kama hiyo. Safari hii kalendula ililinganishwa na krimu ya kawaida ya maji na mafuta. Walioungua vikali walikuwa asilimia 23 kwa kalendula na asilimia 19 kwa krimu ya kawaida, tofauti ambayo kitakwimu haina maana. Majaribio hayo mawili hayakutumia bidhaa moja wala kilinganishi kimoja, hivyo moja halifuti jingine. Kwa pamoja yanaonyesha kwamba kalendula ilipowekwa mbele ya dawa nyingine iliongoza, na ilipowekwa mbele ya krimu nzuri ya kawaida uongozi wake ulitoweka. Shirika la Dawa la Ulaya linaikubali kalendula kwa uvimbe mdogo wa ngozi na vidonda vidogo kwa msingi wa matumizi ya jadi ya miaka mingi, na linaeleza hivyo bila kudai kwamba imethibitishwa kwa majaribio.

Hilo haliishushi hadhi krimu iliyoundwa vizuri. Linampa mtengenezaji wajibu wa kuitunza krimu yenyewe sawasawa na ua, kwa kuwa sehemu kubwa ya nafuu ambayo mtumiaji anaipata hutoka humo.

Dai, sheria na lebo

Sheria hutenganisha kipodozi na dawa kwa kutazama dai. Krimu inayosema "hulainisha ngozi" ni kipodozi. Ikiandikwa "hutibu pumu ya ngozi", imekuwa dawa na itadaiwa ushahidi wa dawa. Tanzania Bara, vipodozi vilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, huku dawa zikibaki chini ya mamlaka ya dawa, TMDA. Kenya, viwango vya vipodozi husimamiwa na shirika la viwango la nchi hiyo, KEBS. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 1974, huchunguza mimea ya dawa kisayansi, na Moshi hutengenezwa krimu ya Kilisun ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Ujuzi wa kuunda krimu na kuipima umo ndani ya eneo hili.

Upo pia udanganyifu ambao maabara pekee huufichua. Baadhi ya krimu zinazouzwa kama mitishamba mitupu hukutwa na haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali kama klobetasoli. Steroidi huondoa muwasho na weusi kwa haraka ya kushangaza, na mteja husifu ua, kumbe ngozi yake inakonda, inachanika michirizi na kushambuliwa na fangasi. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 mwanzoni uliweka kikomo cha zebaki katika vipodozi kuwa sehemu 1 katika milioni. Krimu ya maua inayong'arisha ngozi kwa siku chache inastahili kutiliwa shaka, kwani hakuna ua la kalendula lenye uwezo huo.

Lebo kamili humweleza mnunuzi mambo ya kutosha. Hutaja viungo vyote kuanzia chenye uzito mkubwa. Kwa hiyo maji, yakiandikwa Aqua, hutangulia, na Calendula officinalis hutajwa kwa jina la kisayansi lisiloweza kuchanganywa na Tagetes. Hutaja namba ya toleo, tarehe ya mwisho, mtengenezaji na anwani yake, na alama ya ubora ya nchi. Krimu yenye maji isiyotaja kihifadhi chochote na kudai kudumu miaka miwili ina jambo inaloficha.

Na kwa anayefungua kikopo kipya, hata kilichopita vipimo vyote, lipo jaribio dogo la mwisho ambalo maabara haiwezi kumfanyia. Apake kiasi cha punje ya mahindi upande wa ndani wa mkono, karibu na kiwiko, asubuhi na jioni kwa siku tatu au nne, kisha atazame na kupapasa mahali hapo. Pakibaki kama palivyokuwa, aendelee usoni. Pakiwasha, pakivimba au pakiwa peusi zaidi, aoshe, aache kuitumia, akitunze kikopo pamoja na namba yake ya toleo, na akipeleke kwa daktari wa ngozi au kwa mamlaka ya viwango.